Mtoto Mchanga Naye Husema

Wazazi wengi wa mijini hufikiri kwamba mtoto mchanga hajui lolote juu ya haja zake. Husema: amenyonya, amelala, amejichafua, basi, tumfunge nepi nyingine. Afikapo miaka miwili au mitatu ndipo wanapoanza kumfundisha, na mara nyingi mafundisho hayo huja pamoja na makofi na maneno makali. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu njia nyingine, tuliyoishika nyumbani mwetu kwa mtoto wetu wa tatu tangu alipokuwa na majuma matatu. Si njia mpya. Mabibi zetu waliijua kabla nepi ya kwanza haijauzwa dukani. Lakini katika miji yetu imeanza kusahauliwa, nayo yafaa ikumbukwe, kwa maana ndani yake mna faida ya fedha, faida ya afya, na tena faida moja iliyo kubwa kuliko hizo, ambayo tutaitaja mahali pake.

Kwanza tueleze hali yetu. Kazi yetu ni ualimu, na mshahara wa mwalimu kila mtu ajua kipimo chake. Twakaa Bukavu, juu mlimani, mahali ambapo maji ya bomba huja siku nyingine, na siku nyingine hayaji, ndipo watoto hushuka na vidumu kwenda kuyachota. Mtoto huyo wa tatu, msichana, alizaliwa Septemba 2022, mvua zilipokuwa zikianza. Aijuaye Bukavu afahamu maana yake: tangu Septemba hata Mei nguo huanikwa asubuhi, na jioni huanuliwa zikiwa bado na unyevu. Nepi za kitambaa zilijaa kwenye kamba barazani, wala hazikukauka. Nepi za kutupa, ambazo mtaani kwetu huitwa zote Pampers hata zikitoka kiwanda kingine, zilidai fedha kila juma.

Tukapiga hesabu kama tuifanyavyo ubaoni. Mtoto akitumia nepi sita kwa siku, kwa mwaka ni nepi 2,190; kwa miaka miwili ni 4,380. Tulipoizidisha hesabu hiyo kwa bei ya dukani, tuliona kwamba ada ya shule ya kaka yake mkubwa ilikuwa ikifungwa kiunoni mwa mtoto, halafu ikatupwa jalalani. Tena ngozi ya mtoto ilianza kuwa nyekundu, ikatoka vipele mapajani, na kila alipooshwa alilia.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kumsaidia binti yake baada ya uzazi, kama ilivyo desturi. Asubuhi moja mtoto alikuwa akinyonya, mara akaliacha titi, akajinyonga, akalishika tena, akaliacha. Mama watoto alidhani ni hewa tumboni. Bibi akatazama kidogo, akasema: «Baba Mwalimu, hebu lete kile kibeseni. Huyu anaomba kutoka.» Akamfungua, akamshika mapajani, mgongo wa mtoto ukiegemea tumbo lake, akatoa sauti ndogo kwa meno: «Sss, sss.» Haikupita dakika moja, mtoto akamaliza haja zake zote mbili ndani ya kibeseni, akatulia, akarudi kunyonya.

Tukamwuliza bibi amejuaje. Akacheka, akajibu: «Mimi nililima nikiwa na watoto mgongoni, watoto saba, na nguo ya kubadili nilikuwa nayo moja. Unafikiri ningembeba mtu siku nzima bila kujua saa anayotaka kukojoa?»

Maneno hayo yalitufanya tutafute kuelewa zaidi. Kibofu cha mtoto mchanga ni kidogo, hivyo hukojoa mara nyingi, katika miezi ya kwanza pengine hata mara ishirini kwa siku. Lakini si kama debe linalovuja bila mpango. Maziwa yaingiapo tumboni, matumbo ya chini nayo huamka na kusukuma kilichomo. Ndiyo sababu watoto wengi huenda haja kubwa wakiwa wananyonya au mara baada ya kunyonya. Tena mtoto aliyelala mara nyingi hushtuka au kuamka kidogo kabla ya kukojoa. Kwa hiyo saa ya kuamka ni saa njema ya kumshika. Na kila mtoto ana ishara zake: mmoja hunyamaza ghafula, mwingine hukunja uso, mwingine hurusha miguu, na aliye mgongoni huanza kujinyoosha na kusukuma.

Lakini msomaji asidhani kwamba mtoto wa majuma matatu aweza kujizuia kama mtu mzima. Hapana. Afundishwaye kwanza si mtoto, bali ni mzazi. Mzazi hujifunza ishara na saa. Mtoto naye huzoea namna ya kushikwa na sauti aisikiayo. Siku zikipita, huyu na yule huanza kuelewana.

Labda wengine watasema: hayo ni mambo ya bibi mmoja tu. La, hata wataalamu wameyaandika. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten deVries na Rachel deVries, walitangaza katika gazeti la madaktari wa watoto wa Marekani, liitwalo Pediatrics, habari za Wadigo, watu wa pwani ya Kenya, kusini ya Mombasa. Waliona kwamba mama wa Kidigo huanza katika majuma ya kwanza ya mtoto. Hukaa chini, miguu ameinyoosha, humweka mtoto katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto ukiegemea mwili wa mama. Kisha hutoa sauti ya «shuu». Kwa haja kubwa mama hukunja magoti, naye mtoto huketi juu ya miguu ya mama, wakitazamana. Akifanya, thawabu yake ni titi na kukumbatiwa. Mtoto alitazamiwa kuwa mkavu, mchana na usiku, apatapo miezi mitano au sita. Kuwa mkavu hapa si kusema kwamba alikwenda chooni peke yake; ni kwamba alizoea kungoja ashikwe. Tena Wadigo hawako peke yao. Huko Vietnam mama humpigia mtoto mluzi mdogo. Huko China kumekuwako desturi ya kuwavika wadogo suruali iliyopasuliwa chini, ili wachuchumae bila kuvuliwa nguo.

Na Wazungu je? Habari yao ina mafundisho. Mwaka 1932 kitabu cha serikali ya Marekani kwa ajili ya akina mama, Infant Care, kilishauri kwamba mtoto aanze kuzoezwa haja kubwa hata tangu mwisho wa mwezi wa kwanza, na kwamba kazi hiyo yaweza kumalizika katika mwezi wa nane. Walikuwa wakianza mapema kama bibi zetu. Lakini waliifuata saa ya ukutani kuliko ishara ya mtoto. Mahali pengi jambo hilo likawa vita kati ya mama na mtoto. Ndipo mwaka 1962 daktari wa watoto T. Berry Brazelton wa Marekani alipotangaza habari za watoto 1,170, akashauri kwamba mtoto asilazimishwe, bali angojewe mpaka aonyeshe mwenyewe kwamba yu tayari, tangu miezi 18 hivi. Wale watoto, kwa wastani, walikuwa wakavu mchana walipopata miezi 28 na zaidi kidogo. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1961, kampuni ya Procter & Gamble ilikuwa imeanza kuuza Pampers. Hivyo yalikutana mambo mawili: fundisho la kungoja, na nepi inayofanya kungoja kuwe kwepesi.

Sisi hatumlaumu daktari huyo, kwa maana alikataa ukali, na katika hilo alisema kweli. Mtoto alazimishwaye huzuia choo, choo kikawa kigumu, kikamwumiza, naye akazidi kukiogopa. Lakini kati ya kulazimisha na kungoja miaka miwili iko njia ya tatu, nayo ni kusikiliza. Hata huko Marekani wako waliorudi kuitafuta. Mwaka 1991 mama mmoja, Laurie Boucke, alitoa kitabu juu ya jambo hili, naye alikuwa amefundishwa na mgeni kutoka India. Basi akina mama wa ng'ambo hununua vitabu ili wajifunze kile alichokifanya mama mkwe wetu na kibeseni cha plastiki.

Sasa tueleze namna tulivyofanya, ili atakaye kujaribu asipotee njia.

Tulianza na nyakati mbili tu: asubuhi mtoto alipoamka, na mara baada ya kunyonya. Asubuhi ilikuwa kazi yetu sisi baba, kabla ya kwenda shuleni. Mama watoto alipata nafasi ya kulala kidogo zaidi, maana usiku ni yeye aliyenyonyesha. Humshika mtoto mapajani kwa mikono miwili, magoti yake yakipanda kidogo, mgongo na kichwa vikiegemea kifua au tumbo la mzazi. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza asiachwe kichwa kikining'inia. Na asiyeweza kukaa mwenyewe asiketishwe peke yake juu ya chombo, bali ashikwe. Kisha hutoa sauti ile ile kila mara. Tukiona dakika mbili au tatu zimepita bila kitu, twamfunga na kumwacha. Hakuna kumshikilia akilia, wala kumwonyesha uso wa hasira.

Majuma mawili ya kwanza tulipata mara moja tu kwa siku, siku nyingine hata hiyo hatukuipata. Mwezi wa tatu, karibu kila haja kubwa iliingia kibesenini. Mwezi wa sita nepi sita za siku zilikuwa zimepungua zikawa mbili: moja ya usiku, na nyingine ya mama anapokwenda soko la Kadutu kwenye biashara yake, akiwa na mtoto mgongoni. Hatukuona haya kuitumia nepi hiyo. Mama aliye katikati ya wateja hawezi kuacha meza yake kila nusu saa, na njia hii si sheria imfungayo mtu, ni msaada. Vipele vya mapajani vilikauka, kwa sababu ngozi ilipata hewa na haikukaa tena ndani ya uchafu. Hata kabla ya mwaka kwisha, fedha ya nepi ilikuwa imelipa sehemu ya ada ya yule mkubwa.

Lakini usafi wa mtoto usilete uchafu wa nyumba. Wako watu wasemao kwamba choo cha mtoto mchanga si kibaya, hukitupa uani au mferejini. Huo ni udanganyifu wa hatari. Choo cha mtoto chaweza kubeba vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, na sisi wa Kivu twakijua kipindupindu. Nani amesahau Goma ya Julai 1994, kilipowaua wakimbizi kwa maelfu? Basi yaliyomo kibesenini yamwagwe chooni, kibeseni kioshwe, na aliyemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni, au kwa majivu ikiwa sabuni haipo. Msichana hupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma.

Tena tufikiri juu ya mahali nepi za kutupa zinapokwenda. Ndani yake mna nyuzi za miti, plastiki, na unga ule unaovimba kama uji mzito unapopata maji. Plastiki hiyo haiozi kama ganda la ndizi. Ikichomwa hutoa moshi mbaya. Ikitupwa korongoni, mvua huishusha ziwani. Takataka za plastiki zielazo Ziwa Kivu husukumwa hata kwenye bwawa la Ruzizi, zikaziba mahali mitambo ya umeme inapopokea maji. Hatusemi kwamba ni nepi peke yake zifanyazo hivyo; twasema kwamba nepi isiyotumiwa haihitaji mahali pa kutupwa.

Faida nyingine ya afya ni hii. Mzazi amshikaye mtoto wake kila siku huona mkojo wake na choo chake kwa macho. Ajua rangi yake ya kawaida, na mara zake. Mwezi wa saba binti yetu alipatwa na kuhara, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumetambua kwamba mkojo umepungua na umekuwa wa rangi nzito. Hatukungoja kesho. Tulimpeleka dispensari siku ile ile, akapewa maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mama akaendelea kumnyonyesha. Nepi nene ingalitufichia ishara ile kwa muda.

Je, hakukuwa na taabu? Ilikuwako. Kwanza ni watu. Jirani mmoja, mtu mwema, alitukuta asubuhi nyuma ya nyumba tumemshika mtoto, akasema kwa mzaha: «Mwalimu, nawe umekuwa yaya?» Wengine walinong'ona kwamba tumekosa fedha ya nepi. Maana siku hizi nepi nyeupe imekuwa alama ya maendeleo, na mtoto asiye nayo huhesabiwa kuwa mtoto wa maskini. Tulimjibu jirani: «Ndugu, mtoto huyu anatumia jina langu, mbona nisimshike?» Akacheka, nasi tukacheka. Miezi michache baadaye mke wake alikuja kumwuliza mama watoto namna ya kufanya.

Taabu ya pili ilikuwa mwezi wa tisa. Mtoto alianza kutambaa, akapenda kila kitu isipokuwa kushikwa. Alijikaza kama fimbo, akalia, akatambaa mbali, kisha akakojoa mkekani. Hilo huwapata watoto wengi waanzapo kutembea au kuota meno, au wakiugua, au wageni wakijaa nyumbani. Hapo ndipo mzazi hupimwa. Aliyeanza kwa ajili ya sifa hukasirika, kwa sababu jana aliwaambia watu kwamba mwanawe hajichafui tena. Mama watoto alisema: «Tumwache kidogo, hatuna mashindano na mtu.» Tulirudi kwenye asubuhi peke yake, kwa majuma matatu hivi. Kisha siku moja yeye mwenyewe alitambaa mpaka kwenye kibeseni, akakipiga kwa kiganja, akatutazama.

Alipopata mwaka mmoja na nusu, alikuwa akija na kusema «sss» kwa kinywa chake, hilo likiwa moja la maneno yake ya kwanza. Kuvua nguo mwenyewe na kwenda chooni bila msaada kulikuja baadaye, karibu miaka miwili na nusu, kama kwa watoto wengine. Usiku alichukua muda mrefu zaidi. Twasema hayo wazi, ili mtu asidanganyike kwamba kuanza mapema ni kumkuza mtoto kabla ya wakati wake. Asiyeanza mapema hajamharibu mwanawe. Kila mtoto hufika.

Basi ni faida gani ile kubwa tuliyoahidi kuitaja? Twafundisha darasa la kwanza mwaka huu ni wa kumi na moja. Kila Septemba tumeona mtoto mmoja au wawili wakijikojolea benchini, si kwa ukaidi, bali kwa kuogopa kuinua mkono na kuomba ruhusa. Hujikaza, macho yakijaa machozi, mpaka jambo linamshinda, na wenzake humcheka. Ukichunguza nyumbani, mara nyingi utakuta mtoto huyo amezoea kuchapwa kwa ajili ya mkojo. Amejifunza kwamba haja ya mwili wake ni kosa, na kwamba mkubwa ni mtu wa kufichwa habari.

Tumshikapo mtoto wa majuma matatu kwa sababu ameliacha titi na kujinyonga, twamwambia jambo lililo kinyume cha hilo: umesema, nasi tumesikia. Yeye hana maneno bado, lakini hilo hulielewa. Nasi wazazi, hasa sisi akina baba, twajifunza kumtazama mtoto usoni kila siku, tangu mwanzo, kabla hajaweza kutuita kwa jina. Atakapokuwa na miaka saba, na haja yake ikiwa nyingine, kama vile kuelewa hesabu, au kusema kwamba mtu amemwonea njiani, twatumaini kwamba atakuja kwetu bila woga, kwa kuwa amekwisha kuzoea kusikilizwa.

Kwa hiyo, ninyi mlio na mtoto mchanga nyumbani, ikiwa mnataka kujaribu, msitupe nepi zote kesho. Anzeni na saa moja tu: asubuhi aamkapo. Mfungueni, mshikeni vizuri, toeni sauti, ngojeni dakika mbili. Kama bibi yuko karibu, mwiteni kwanza akuonyesheni; atafurahi kuulizwa. Asipopata kitu leo, mfungeni kwa upole, kesho mjaribu tena. Na siku atakapowajibu kwa mara ya kwanza, msimwite jirani kuja kuona. Mpeni titi, mpeni tabasamu, ajue mwenyewe kwamba amesikiwa.